Kanyaga, Shikilia

Mguu ulipofika chini bila kukuta kitu,
pale tunapoanza kuteremka Mkoani kwenda gatini,
Faki hakusema neno. Akarudisha gia, ya tatu, ya pili,
injini ikalia kama iliyotukanwa,
nasi tukazama ndani ya fungu la mchanga la Nassor Kheri
aliyekuwa akijenga choo.
Nassor akatoka, akatukuta wazima,
akamshukuru Mungu,
kisha akataka alipwe mchanga wake.

Landrova hii katuachia baba.
Miaka thelathini ilibeba mabomba ya maji, Wete hadi Micheweni,
ikikata pwani kila njia ilipomomoka.
Na chumvi ina subira.
Ilijibanza juu ya chesisi, nyuma ya vibanio, chini ya tope kavu,
ikala chuma kwa adabu, bila kelele.
Faki aliibonyeza paipu ya nyuma kwa ukucha.
Ikampa unga mwekundu.

Sasa, tutie paipu gani?
Kijana wa dukani Chake alituonesha ya chuma, imepakwa kijani,
rahisi, "tena mpya kabisa, dada."
Hata ile ilikuwa mpya siku moja.
Shemeji, fundi wa mafriji, akaja na roli ya shaba begani,
inang'aa, inapindika kama donge la chapati,
na bure!
Faki akaishika, akaikunja, akainyoosha, akairudisha.
"Hii ya kupozea samaki. Haisimamishi tani mbili."
Shaba tupu huchoka, alisema: njia huitikisa, ikakakamaa,
ikapasuka siku usiyoijua.
Shemeji alinuna hadi Ijumaa.

Tukangoja meli.
Shaba iliyochanganywa na nikeli, kutoka Dar,
kwa mkono wa Bi Hidaya muuza mitumba,
imeviringishwa ndani ya blanketi isije ikabonyea.
Bei yake mbuzi wawili,
na mbuzi wawili ndio waliokwenda.

Alipima kwa uzi, akiifuata njia ya zamani,
mbali na ekzosi, mbali na kila kinachozunguka.
Alikunja kwa kuzungushia chupa ya soda, kona moja moja.
Akachanua mdomo wa paipu, akaukunja mara ya pili kwa ndani,
mdomo mzuri ajabu, mviringo, hauna ufa,
ndipo akaiona nati imekaa mezani, inamtazama.
Nati hutangulia.
Akakata, akaanza upya.
Sikucheka.
Nilicheka.

Kazi yangu mimi ilikuwa mguu.

"Kanyaga!"
N'mekanyaga.
"Shikilia!"
N'meshikilia.
Chini yangu spana inalegeza, kitu kinapumua,
pedali inazama pole pole chini ya unyayo.
"Usiachie!"
Siachii.
Anakaza. "Haya, achia."

Gurudumu la mbali kwanza, la nyuma kushoto,
kisha mwenzake, kisha tukaja mbele.
Simuoni. Namjua kwa sauti tu,
na kwa kile mguu unachoniambia.
Katika chupa ya asali alimotumbukiza mpira
mapovu yalikuwa makubwa, yakawa madogo, yakawa mojamoja.
Mwaka mzima hatujaongea hivi,
tangu yale maneno ya shamba,
nani achukue mikarafuu ya juu, nani ya bondeni.
Leo neno moja, jibu moja.
Na nikiachia kabla hajakaza, hewa inarudi,
tunaanza tena.
Niliachia mara moja. Hakunigombeza.

"Imekuwa ngumu?"
Ngumu.
"Ngumu vipi?"
Kama baba akikataa.
Kukawa kimya chini ya gari.
Kisha nikasikia akifuta kila nati kwa karatasi,
akiitazama karatasi kwenye mwanga,
akifuta tena.

Siku tatu tuliijaribu kwenye uwanja wa skuli, tambarare,
kila jioni Faki akilala chini na karatasi yake.
Siku ya nne tukapakia mchanga, tukampelekea Nassor.
Alitusikia tangu juu ya mteremko.
Tulimkuta anatungoja, anatabasamu,
amesimama nyuma ya ukuta wa choo.