Kiti Kimoja

Nimeinunua ya bei ya chini, taa yake duara
kama sufuria ya ubwabwa,
mlio wake kikohozi cha mzee alfajiri.
Fedha za viazi, misimu mitatu, Uyole.

Fundi Ambakisye akaizunguka mara mbili.
"Hii," akasema, "ni kitenge ambacho hakijashonwa."

Tukaanza kukata.
Madigadi ya nyuma tukaing'oa, usukani tukaushusha,
tangi tukalipaka rangi ya chai ya Rungwe
kabla ya maziwa.
Kiti kirefu, msumeno ukakila nusu:
pikipiki ya mtu mmoja, nikajisifu,
fupi nyuma kama jogoo aliyenyonyolewa mkia.

Jumapili, ukungu umekalia Mlima Nyoka,
mama akatoka na kanga ya kanisani, Biblia kwapani.
Naye akaizunguka mara mbili.
Hakuisifu. Hakuikashifu.
"Atupele, mimi nakaa wapi?"

Jumatatu nikarudi gereji na aibu yangu.
Ambakisye hakucheka.
Akaingia stoo, akakung'uta vumbi:
kipande kile kile, kimefungwa kwa mpira wa tairi.
"Hata wangu aliuliza," akasema,
akawasha mashine ya kuchomelea.

Mshono unaonekana.
Nimeuacha.