Kuhesabu Stavig

Ukija kutoka mashariki, nchi imelala chali,
maili arobaini za mahindi na soya,
huna hata kilima cha kusingizia kwamba ulipotea.
Halafu barabara inainama ghafla, kama mtu aliyeangusha ufunguo,
na hapo chini ndipo ulipo Mto Tallow,
rangi ya chai ya maziwa, mpana kuliko kazi yake,
na kando yake sisi:
ghala la nafaka, tangi la maji lililopauka,
posta inayofunguliwa saa nne na kufungwa saa sita,
makanisa mawili yaliyogombana mwaka 1904
juu ya lugha ambayo Mungu huisikia vizuri zaidi.

Kibao kinasema: WAKAZI 212.
Serikali imenipa kishikwambi na kizibao cha manjano
nikahakikishe.
Nusu ya hao waliwahi kunipangusa kamasi.

Kabla yetu Wadakota walivukia hapa,
Agosti, maji yakiwa ya magoti.
Mahali pao palikuwa na jina. Bibi yangu alilitamka vibaya
miaka themanini, nami nikarithi kosa lake pamoja na vijiko.
Mkataba ulitiwa saini; wino haujakauka, wamekwisha hamishwa.
Fomu yangu haina kisanduku cha waliotolewa.

Kisha Peder Stavig, na pantoni, na kamba ya katani:
senti kumi mtu, senti tano nguruwe,
mchungaji bure akienda, akirudi analipa.
Ikaja reli. Ikaja hoteli ya vyumba ishirini,
na kiwanda cha vifungo kilichotoboa makombe ya kome
mpaka mto ukaishiwa kome.
Watu elfu moja mia moja na arobaini, na bendi ya matarumbeta!
Kisha daraja likajengwa maili kumi na saba kusini kwetu
na treni ikajifunza kupita bila kupiga honi.

Mwaka 1952 mto ulihama.
Sisemi ulifurika; kufurika ni tabia yake. Ulihama,
usiku mmoja, bila kuaga,
ukakata njia mpya nyuma ya zizi la akina Tveit.
Walilala ng'ambo hii, wakaamkia ng'ambo ile.
Ramani haikuhama. Kwa ramani, Gudrun Tveit, miaka tisini na mmoja,
bado ni wetu. Kwa gari ni maili thelathini na nne.

Asubuhi nilianzia kwenye ng'ombe.
Siku hizi maziwa ya Stavig hukamuliwa na watu wa Huehuetenango,
wanaosema Kihispania na bosi
na lugha ya mama zao na ng'ombe.
Eulalia Pascual alinifungulia mlango upana wa kiganja.
"Hapa hakuna mtu," alisema,
na nyuma yake hakuna-mtu watatu walikuwa wakinywa uji.
Jumapili ndio wanaolijaza kanisa moja kati ya yale mawili.
Lile jingine lina popo.

Jioni, posho ya petroli imeniishia,
nilishuka ukingoni nikapaza sauti:
"Gudrun! Mko wangapi huko?"
Upepo ukala nusu ya swali.
Alitoka na aproni yake, akainua kidole kimoja.
Nyuma yake, kwenye kamba, ilianikwa ovaroli ndefu ya kijana,
yenye nembo ya shamba la maziwa,
ikitupa miguu kama inayotaka kuvuka.
Aliniona nikiitazama.
Akainua kidole cha pili,
akakishusha,
akakiinua tena, akabaki hivyo, mkono juu,
kama mwanafunzi asiye na hakika na jibu
bali ana hakika na mwalimu.

Kishikwambi kilidai tarakimu.
Niliandika mbili.
Kwenye jina la ukoo, kwa wote wawili,
niliandika Tveit.