Nati ya Nyuma

Daktari Ofwono, mng'oa meno wa Tororo,
ana Datsun ya milango miwili, silinda sita,
rangi ya chungwa lililoanza kukauka,
aliyoinunua kwa mjane mmoja kule Mbale
ikiwa na kuku ndani na hati kamili.

Jumamosi alileta sanduku refu lililopita Malaba.
Ndani, ekzosi mpya ya chuma king'aacho,
mabomba sita yaliyosukwa kama nywele za arusi
yakikutana kwenye shingo moja.
Karatasi ya maelekezo ilikuwa ya Kijapani.
Tuliisoma kwa kufuata mishale.

Sasa sikiliza. Mwenye gari huona boneti;
mimi naona chumba cha kupanga:
karbureta mbili zimeikalia ekzosi kama mawifi,
bomba la breki limejilaza mlangoni,
maunti ya injini imenyoosha mguu,
na usipowatoa wote hao na virago vyao
hupati hata pa kutia kidole.

Tukawatoa. Tukaloweka stadi kwa dizeli usiku kucha.
Asubuhi kumi na moja zikatii.
Ya kumi na mbili, ile ya nyuma kabisa
pale injini inapopakana na miguu ya dereva,
ikakatika. Tk.
Sauti ndogo ambayo fundi huisikia tumboni.
Daktari akasema, Naijua sauti hiyo.
Mzizi umebaki.

Nikamwita Ekisa na mashine yake ya kuchomelea.
Akailalia injini kama anayemnong'oneza mgonjwa,
akabandika nati juu ya kisiki, ikabanduka,
akabandika, ikabanduka, umeme ukakatika,
tukanywa chai, ukarudi,
na saa saba mchana kisiki kikazunguka, kikatoka
kingali chekundu, kama mtu aliyefumaniwa.

Ndipo tukajaribu yale mabomba.
Kutoka juu hayapiti.
Kutoka chini yanapita, ila la tatu linaibusu maunti.
Nikasema, Daktari, hili lazima nilipige.
— Jipya hilo?
— Jipya hilo. Upana wa kidole gumba tu.
Akageuka akautazama Mwamba
kama utazamavyo pembeni mtoto wako akichanjwa.
Niliweka gunia bichi, nikapiga mara nne.
Chuma kigeni kikajifunza adabu ya nyumba.

Ikabaki nati ya nyuma.

Spana haiingii. Nikaikata spana kwa msumeno;
ikaingia, haizunguki.
Owor, mwanafunzi wangu, ana vidole vya mpiga kinanda
lakini jicho halikunji kona.
Tulikuwa watatu tumeinamia tundu moja,
kila mmoja akiapa kwa lugha ya mama yake.

Daktari akaufungua mkoba wake,
akarudi na kile kioo cha mkono mrefu,
kidogo kama sarafu,
akakipenyeza nyuma ya silinda ya sita
na kusema, kwa sauti ile ya kuwatuliza watoto,
Panua. Bado kidogo. Hapo hapo.
Nikaiona nati, kushoto kwake kulia,
na Owor akaikaza robo kwa robo bila kuiona
huku nikimwita: rudi, siyo huko, huko, huko.
Robo thelathini na saba. Nilihesabu.

Jioni tukawasha.
Mafuta ya kiwandani yakaungua, moshi mweupe,
kisha sauti — wala si ngurumo, jamani,
ni mtu aliyekaa miaka na mafua
leo amepenga kamasi, akalitaja jina lake.
Wachonga funguo wa jirani wakasimama.
Mama wa mihogo akafunika sufuria, akatutukana vizuri.

Jumatatu simu ikalia, ya kliniki.
Nyuma ya Daktari nilimsikia mtu ameachama, aah, aah.
— Fundi, kioo changu kiko wapi?
Nikanyamaza.
Nilijua kilipo.
Kimelala juu ya giaboksi, nyuma ya silinda ya sita,
kinaitazama nati moja ikipashwa na moto,
na kukifikia
lazima kwanza tuzitoe karbureta.