Mahali pa Pili pa Kukumbuka

Saa nane na dakika kumi usiku umeme ulirudi mlimani.
Kisanduku cha Latali, kinachopima kina cha theluji
juu ya nyumba za watu waliolala,
kilishtuka. Hakikujua jina lake.
Hakikujua waya upi ni wa kihisi, upi wa redio.
Kila mashine huamka hivyo, Bidzina:
sekunde mbili za mwanzo ni mtoto mchanga
anayepapasa titi gizani.

Kikapapasa chipu. Maneno yalikuwamo,
ila jumla haikulingana:
umeme ulikatika kalamu ikiwa katikati ya neno,
na nusu ya neno ni uongo wenye sura ya ukweli.
Kikakataa. Hapo nilikisifu.
Kikaenda kwenye kadi, uliyoichomeka wewe Oktoba
kwa vidole vilivyopasuka kwa baridi.
Yote yamo: jina, masafa, kizingiti cha hatari,
sentimita mia moja na arobaini.
Kikasoma. Kikajitambua.

Saa kumi na moja umeme ulikatika tena, ukarudi.
Safari hii kadi ilikuwa na barafu menoni.
Iliitwa, haikuitika.
Kikashika la mwisho, lile la kuzaliwa nalo,
nililolipiga chapa mimi ndani ya programu
msimu wa joto, Tbilisi, feni ikizunguka, chai imepoa:
jina, kifaa sifuri; kizingiti, mia tatu.
Namba ya mezani. Namba ya mtu asiyejua theluji.

Hata hapo, sawa. Mgeni hula alichokikuta.
Lakini kisanduku kilipata joto, kadi ikazinduka,
na kilipotaka kuhifadhi hesabu ya kuamka kwake
kiliandika mahali pa mwisho kilipopagusa:
kwenye kadi.
Juu ya Oktoba yako.
Juu ya mia moja na arobaini.

Nilikuwa nimeuliza, usiposoma huku, utasoma wapi?
Sikuuliza, ukishasoma huko, utaandika wapi?

Asubuhi ukanipigia. Hukusalimia.
"Kisanduku chako kinasema kinaitwa kifaa sifuri
na kwamba huku kote ni salama.
Nakuambia hivyo nikiwa nimetokea dirishani,
mlango haufunguki."

Nikacheka. Kisha nikakaa chini, sakafuni.

Shangazi Dzabuli alipotoka hospitali
alikuwa amesahau vipimo vya chumvi yake:
kitunguu saumu kiasi gani, uwatu kiasi gani.
Daftari lilikuwa limeloa, ukurasa ule ni wingu la wino.
Akampigia dada yake Kutaisi, akatajiwa.
Nilimpa kalamu na daftari. Akanirudishia daftari.
Akaandika kwa chaki kwenye mlango wa kabati:
*ya Tsiala, si yangu.*
Ukurasa wenye wingu hakuugusa.
"Pengine siku moja utakauka," akasema,
akaendelea kutwanga.

Basi nimeandika mistari kumi na mmoja, Bidzina.
Kila kinachosomwa kinabeba jina la kilikotoka.
Cha kuazima hakiandikwi juu ya cha mwenyewe.
Cha kuzaliwa nacho hakijihifadhi popote
mpaka mtu, kwa mkono wake, aseme ndiyo.
Na asiposema, kisanduku kipige kelele
kwamba hakijijui; aibu hiyo ni nafuu
kuliko utulivu ule.

Ulipanda kwa skii Jumanne, kadi mpya mfukoni mwa ndani
ili ipate joto la mwili.
Nikauliza kutoka huku, kidole kikitetemeka: jina lako?
*Latali*, kikajibu. Kisha, kama nilivyokifunza:
*nimeambiwa na kadi.*

Chipu bado mbovu. Utaibadilisha barabara ikifunguka.
Kwa sasa kila kikiamka kinaiuliza yeye kwanza,
mzee asiyekumbuka kitu,
kinasubiri kidogo,
halafu kinakwenda kwa mwingine.