Picha Kumi na Moja
Iringa, 1980

Filamu imebaki picha kumi na moja,
na kutoka Dar hailetwi nyingine mpaka Mungu apende.
Kwa hiyo nabana. Sibonyezi ovyo.

Asubuhi, Miyomboni, foleni ya sabuni:
matofali yamepangwa badala ya watu,
kila tofali na mwenyewe,
moja limevishwa kofia ya jeshi.

Kihwele anaziba pancha kwa mkono mmoja,
mpira ameubana kwa meno.
"Usinipige upande huo."
Nikazunguka. Upande wa pili ukungu wa Gangilonga
na mtoto na kiazi cha moto,
anakihamisha mkono huu, mkono huu, anacheka.

Mchana akaja Seng'ingo na shati la mwanawe
aliyevuka Kagera na kikosi.
Limepigwa pasi, vifungo mpaka shingoni.
Akalivisha kiti.
"Mpige."
Nikasogeza taa. Nikasema, kama niwaambiavyo wote,
tulia, usipepese.

Hela sikuchukua. Akaacha mahindi mawili mezani,
mabichi, na maganda yake.

Usiku, kwenye beseni la dawa,
karatasi ilikaa nyeupe muda mrefu.
Kilichotangulia kutokea
ni kivuli cha kola.