Urefu wa Neno

Iyunga, saa tisa usiku. Baridi ya Juni
imepanda kitandani na viatu vyake.
Kompyuta inazaa.

Kizazi cha arobaini na moja: vichujio sitini,
kila kimoja msururu wa namba tu,
biti kumi na sita hapa, tisa pale, ishirini kule,
vinagombea chipu ndogo kuliko ukucha wangu.

Chipu itazikwa Isongole, shambani kwa mama,
isikilize tumbo la Rungwe linavyonguruma
kwa betri moja, masika yote,
bila mtu wa kupanda kwenye utelezi kuibadili.

Neno refu husema kweli yote
na kumaliza betri kabla ya Pasaka.
Neno fupi hula kidogo, ila mtetemo mwembamba ukipita
linaandika: sifuri.
Sifuri ndiyo inayoninyima usingizi.

Siku kumi na moja nilikata kwa mkono.
Nikipunguza hapa, kelele inafumuka kule,
kama shuka fupi: funika miguu, mabega yaumwe.

Mama akapiga simu. "Atu, hulali?"
Kwenye cheti mimi ni Atupakisye, herufi kumi;
yeye hutumia tatu, na ninaitika mzima.
"Nachagua mbegu," nikamwambia.
Akacheka. "Basi viazi vikubwa peleka Soweto vikauzwe.
Mbegu ni saizi ya yai, yenye macho mengi."
Salio likakatika.

Nusu ya huyu, nusu ya yule,
na mara mojamoja bahati inapitisha kidole
ikageuza moja kuwa sifuri.
Wengi huzaliwa viziwi. Nawafuta bila matanga.

Kizazi cha tisini kikaleta kilema:
biti nne tu mlangoni,
pale nilipokuwa nimeweka kumi na nne, kwa heshima.
Kidole changu kilikuwa tayari juu ya kitufe.
Nikapima kelele yake kwanza.
Nikapima tena.

Alfajiri wanawe wameujaza uso wa kompyuta,
na sijui, kusema kweli, kwa nini nne zinatosha.
Nimewapakia kwenye bodi ya majaribio, karibu na kikombe.

Treni ya mizigo ya TAZARA inapita mbali, kwenye ukungu.
Chai haijatikisika.
Bodi imeandika: tatu.