Herufi Isiyo na Kazi

Nilitoka Makangale
na fedha za wake wale
walimao mwani kule,
nimezifunga kangani.

Laki tatu, si za mtu,
ni jasho la kundi letu,
mie karani wa watu,
nina kitabu kwapani

kilichonywa maji chumvi,
kurasa rangi ya mvi;
nane, tatu: hivi hivi,
hujui usome nini.

Mnunuzi ana lake,
ana na kitabu chake;
kilo zetu kwenda kwake
hupungukia njiani.

Dukani kwake Shaame,
fundi simu na umeme,
kaweka mbili, nipime,
kompyuta za mapajani.

Mpya ni ya samawati,
nyepesi kama chapati,
haikoromi katiti,
haina feni ya ndani.

Chaji yake, kajigamba,
ni kutwa bila kuyumba;
umeme ukate Pemba,
yenyewe iko kazini.

Ila tumbo lake dogo:
picha kumi ni mzigo,
hulala kama kigogo
kilotupwa ufukweni.

Vitufe mithili mbegu,
na vidole vyangu sugu
kwa kamba na chumvi, ndugu,
hubonya kwa majirani.

Ya pili ilotumika,
Ulaya ilikotoka,
pembeni imebanduka,
uzito kama wa kuni.

Lakini tumbo li wazi,
lameza picha na kazi,
mafaili ya miezi,
na kujaa halioni.

Vitufe vyake vipana,
na vidole vikapona,
nikaandika majina
ya wenzangu wa kundini.

Nikaandika: Mkasi.
Kioo chasema: Masi.
Nikarudia upesi.
Kombo ni Ombo, jamani!

Kikapu kawa iapu,
kilo, ilo — ni upupu!
Kama mdomo mtupu.
Ila deni, lile deni.

Hilo halikudhurika,
lote lilikamilika,
halina kei kutoka,
lanitazama usoni.

Halafu nikajaribu
neno lililonisibu:
haki. Nikapata jibu:
hai. Hai kitu gani?

Shaame kakuna ndevu:
"Kei ilipata kovu,
ila moyo una nguvu,
usiitie kapuni."

"Na betri?" nikauliza.
"Saa mbili, kisha kiza;
na ukipenda kucheza,
saa moja, si utani."

Na umeme wetu kule
ni wa leo, si milele,
hukatika siku ile
ya harusi ya jirani.

Nikakaa na akili:
kupima hakuli mbili,
saa moja tuko mbali,
twarudi zetu nyumbani.

Ile ndogo si mbaya, la;
ingemfaa Naila,
mwanangu asiyelala,
na mitihani kichwani.

Bei yake laki nne.
"Na hii? Sema nione."
Kasema, "Tusikizane:
laki mbili, themanini."

"Na kei?" "Ngoja," kasema,
bisibisi ikazama.
"Kyu hii sijaituma
tangu nitoke skulini.

"Neno letu haishiki,
inakaa, haichoki,
haina hata rafiki;
tuipe kazi mjini."

Akagonga, akafunga,
mule ndani kaipanga:
kyu ukigusa, si wanga,
kei yaja kiooni.

Wenzangu wakanisema:
"Umetuletea chuma!
Tulitaka ile njema,
ya kung'ara mkononi."

Mkasi hakutamka.
Alikaa, kaishika,
jina lake kaandika
kwa kidole cha pembeni.

Likatokea kamili,
kalisoma mara mbili,
kama barua ya mbali
iliyotoka Omani.

Leo mnunuzi kaja,
na kitabu, akataja:
"Mkasi, sitini na moja."
Nikasema, "Si sitini,

bali tisini na mbili,
kavu, za juzi, halali;
zimo humu, tafadhali,
inama usome ndani."

Dakika zilizobaki
kumi tu, nami sitaki
kuandika ila haki
pale chini ukingoni.

*Ha*, kisha nikatafuta
kyu; kidole kikasita,
kikabonya, ikapita,
na *i* ikaja mwishoni.